Ufundi wa Uani

Mtu akistaafu, maswali anayoulizwa ni yale yale: kiinua mgongo kimetoka au bado, na atabaki mjini au atarudi kijijini. Hakuna anayeuliza habari za mikono yake. Kwa miaka thelathini au arobaini mikono hiyo imepanga vigae, imekunja nondo, imechanganya zege na kupiga lipu nyumba za wengine, nayo inajua mengi ambayo mwenyewe hawezi kuyaeleza kwa maneno. Barua ya kustaafu haiifundishi kusahau. Wapo wazee, katika nchi nyingi, walioingia uani kwao wakaanza kujenga kitu ambacho hakuna aliyekiagiza, hakuna atakayekinunua, na jirani hajui akiite nini: mnara, bustani ya sanamu, ukuta uliopachikwa vipande vya vyungu. Mwandishi wa gazeti akipita humwita mzee huyo mwota ndoto. Afisa wa ujenzi akipita humwita mvunja sheria. Wote wawili wanakosea kwa namna moja, maana wanamtazama mzee na kuiacha kazi. Ninachodai hapa ni kwamba kazi ya uani ni ufundi kamili, wenye elimu yake ya vifaa na taratibu zake za kujenga, na kwamba ikipimwa kwa kipimo cha ufundi, si cha huruma wala cha mshangao, hupata heshima inayostahili na wakati mwingine hupata hata kinga ya sheria. Dai hili linaihusu kata ya Masieda, na nchi nzima ya Mbulu na Hanang hapa Tanzania, kuliko linavyoonekana mwanzoni.

Mfano unaojulikana zaidi uko mbali, katika mtaa wa Watts mjini Los Angeles, na aliyeujenga alikuwa mhamiaji. Sabato Rodia, ambaye Marekani walimwita Simon au Sam, alizaliwa mwaka 1879 katika kijiji cha Ribottoli kusini mwa Italia. Akiwa bado kijana alivuka bahari akafika Pennsylvania, ambako kaka yake alichimba makaa ya mawe. Kaka akafia mgodini, na Rodia akabaki akihama kutoka kibarua hadi kibarua: machimbo ya mawe, kambi za reli, ujenzi, na hatimaye kazi ya vigae. Mwaka 1921 alinunua kiwanja cha pembetatu kando ya reli, kiwanja chembamba ambacho mwenye fedha asingekitazama mara mbili. Hapo alijenga kwa miaka 33, jioni akitoka kazini, Jumapili na sikukuu, bila msaidizi na bila mchoro. Alipoacha alikuwa na umri wa miaka 75 hivi, na uani kwake palikuwa na miundo 17: minara, kuta, banda la kupumzikia, hata jahazi la saruji. Mnara mrefu kuliko yote unakaribia mita 30. Mahali hapo alipaita kwa Kihispania, lugha ya majirani zake wengi, jina lenye maana ya mji wetu.

Tuusogelee mnara mmoja. Hauna mahali palipolehemiwa wala boliti hata moja. Rodia aliokota chuma chakavu, akakipenyeza chini ya reli iliyopita jirani, akakikandamiza mpaka kikapata mviringo alioutaka. Reli ya kampuni ikawa jiliwa yake. Chuma kimoja hakikuishia pale kingine kilipoanzia. Vilipishana kwa urefu wa kutosha, vikafungwa kwa waya, vikazungushiwa wavu, kisha mkorogo wa saruji ukashindiliwa kwa kiganja mpaka ukajaza kila mwanya. Fundi yeyote wa nondo anayesoma hapa ameshaelewa: huko ndiko kupishanisha nondo tunakomfundisha kila mwanagenzi anayefunga mkanda wa nyumba. Msingi hauzidi nusu mita kwenda chini, jambo linalomtisha mhandisi mpaka atazame jinsi minara ilivyoshikana huko juu kwa matao na vishikizi vinavyoufanya kila mmoja uwe nguzo ya mwenziwe. Jukwaa la kupandia hakuwa nalo. Alipanda juu ya kile alichojenga jana, kiunoni amevaa mkanda wa wasafisha madirisha, mkononi ndoo. Kwa hiyo kila pete ya mnara ilikuwa pambo na ngazi kwa pamoja, na kila kosa la jana lilikuwa hatari ya leo. Kazi ya namna hiyo inajikagua yenyewe.

Halafu kuna mapambo, ambayo ndiyo watalii huyapiga picha. Vigae vilivyovunjika alivipata katika viwanda vya vigae alikofanya kazi. Watoto wa mtaani walimletea sahani zilizopasuka kwa malipo ya senti chache au biskuti. Makombe ya baharini aliyaokota mwenyewe, na vitako vya chupa za soda vya kijani kibichi vikatoa rangi isiyochujuka kwa jua. Pale ambapo hakupachika kitu, alichapa: aligandamiza nyundo zake, vishikio vya mabomba ya maji na magunzi ya mahindi kwenye saruji mbichi, akaacha alama. Mkulima wa Mbulu ataitambua mistari ya gunzi ile mara moja. Lakini tuangalie muda. Saruji ikishachanganywa haimsubiri mtu. Mwenye kupachika vipande mia kwenye ukuta ana saa chache tu kabla mkorogo haujakataa, na kila kipande lazima kiingie kwa kina kinachotosha ili kisidondoke, lakini kisizame na kupoteza uso. Rodia alikuwa fundi wa vigae kwa riziki. Alichofanya uani ni kile kile alichokifanya kwenye nyumba za wengine, ila hapa hakukuwa na mtu wa kumwambia vigae viwe vyeupe na mistari inyooke.

Pingamizi la kwanza linakuja lenyewe, na ndilo wenzake walilisema: mzee huyu ana walakini. Watoto waliivunja kazi yake kwa mawe. Wakati wa vita vya pili vya dunia ukazuka uvumi kwamba minara ile ni mitambo ya kuwapelekea Wajapani habari. Kwetu wangesema mengine, na yasingekuwa mazuri zaidi. Mtu anayejenga peke yake usiku kitu kisicho na matumizi hupewa jina haraka. Siwalaumu sana majirani. Upweke wa namna ile ni mgumu kuuelewa, na huenda Rodia kweli hakuwa mtu mwepesi wa kuishi naye. Lakini tabia ya fundi si hoja dhidi ya ufundi wake. Hatuulizi kama mhunzi ni mcheshi kabla ya kununua jembe lake. Jambo linaloweza kuulizwa kwa haki ni kama kazi imesimama sawasawa, na kwa Rodia swali hilo liliulizwa kwa namna ambayo kazi chache duniani zimewahi kuulizwa.

Mwaka 1954 aliacha kujenga, akampa jirani kiwanja chote, akahamia mji mwingine wa California na hakutaka tena kurudi. Mwaka 1957 jiji liliamuru minara ibomolewe kwa kuwa haikuwa na kibali na ilidhaniwa kuwa hatari. Mwaka 1959 vijana wawili, mmoja mwigizaji na mwingine mhariri wa filamu, walikinunua kiwanja na kupinga amri hiyo. Hawakwenda kwa wakuu na hotuba juu ya uzuri wa sanaa. Walikwenda na Bud Goldstone, mhandisi wa vyombo vya anga, aliyependekeza jambo moja: tuuvute mnara mrefu kwa nguvu ya ratili 10,000, karibu tani nne na nusu, tuone nani atashindwa. Oktoba 10 mwaka huo, mbele ya umati, waliuvuta. Mnara haukutikisika kwa kiasi cha maana; mtambo wa kuvutia ndio ulioanza kupinda. Amri ikafutwa. Mwaka 1963 jiji lile lile likaitangaza minara kuwa urithi wake, na mwaka 1990 ikawa alama ya kihistoria ya taifa la Marekani. Mwaka 1965, mtaa wa Watts ulipowaka moto kwa ghasia za siku kadhaa, minara haikuguswa. Kisa cha jaribio lile la kuvuta mnara kinanivutia kuliko sifa zote zilizoandikwa juu ya Rodia, kwa sababu kinga ilipatikana kupitia mlango wa ufundi. Aliyeitetea kazi ni yule aliyejua kuuliza swali lake.

Sasa turudi nyumbani. Masieda ni kata ya wilaya ya Mbulu, katika nchi ambayo ukiwatoa Wahadzabe karibu kila mtu ni mhamiaji au mjukuu wa mhamiaji. Wairaqw walienea kutoka Irqwar Da'aw, kitovu chao cha milimani, hasa katika karne ya 20, wakaingia Mbulu yote, Karatu na Hanang. Wadatoga, ambao Wabarabaig ni tawi lao kubwa, walisukumwa na Wamasai kutoka nyanda za Ngorongoro katika karne ya 19 wakashuka kuelekea Mlima Hanang. Mtu aliyehama anajua jambo moja ambalo mkaazi wa siku zote hulisahau: ardhi haibebeki. Analobeba ni namna ya kufanya. Mwiraqw alibeba namna ya kuchimba mteremko na kuiingiza nyumba ndani yake, tembe lenye paa bapa la udongo ambalo kwa nyuma lilikuwa sawa na ardhi, ili mvamizi apite kwa mbali asione kitu. Paa la udongo ni zito mno, na zito zaidi likinyeshewa. Aliyepanga nguzo na boriti zake bila kuandika hesabu yoyote alikuwa ameifanya hesabu ile kichwani, na mkewe aliyekandika kuta kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe alijua uwiano ambao ukikosewa ukuta unapasuka msimu wa kwanza. Bati limeyafuta matembe mengi, na bati lina haki yake. Halivuji na halihitaji kukandikwa kila mwaka. Nasema tu kwamba tulipoliweka bati tulidhani tunaacha umaskini, kumbe tulikuwa tunaacha na elimu.

Lakini kazi ya uani iliyo karibu zaidi na ile ya Watts haikujengwa na Wairaqw. Ni bung'eda, kilima cha kaburi wanachokijenga Wabarabaig kwa mzee aliyeheshimiwa, mwanamume au mwanamke. Si kila mzee hupewa. Watoto na ukoo wanaomba, wazee wanakaa na kuamua kama maisha ya marehemu yanastahili. Wakikubali, mazishi hayaishi siku ya kuzika. Yanachukua miezi tisa, na katika muda huo kilima cha udongo na fito kinapandishwa juu ya kaburi, hatua kwa hatua, mpaka kinamzidi mtu mzima kimo kikiwa kimechongoka kuelekea juu. Asali inatafutwa kwa ajili ya pombe, mifugo inatolewa, majirani na wakwe na watu wa koo nyingine wanakusanyika kwa mamia. Baada ya hapo makazi yanaweza kuhama kufuata malisho, lakini bung'eda inabaki, na vizazi vinarudi kwake kuomba na kuimba. Kwa watu wanaohama na ng'ombe zao, hicho ndicho kitu pekee wanachokijenga kwa nia ya kukaa.

Tukitazame kilima hicho kwa jicho la fundi. Udongo wenye maji mengi hutelemka, wenye maji machache hauumani na ule wa chini. Tabaka likiwekwa kabla la chini halijakauka, uzito hulitandaza. Likicheleweshwa mno, huacha ufa unaopitisha mvua. Aliyewahi kukandika nyumba anajua haya, ila nyumba ina ukuta mwembamba unaokauka pande mbili, na kilima kimejaa mpaka katikati. Kwa hiyo ile miezi tisa, ambayo mgeni huiona kuwa ni ya ibada tu, inafaa pia kwa udongo. Ibada na ukaukaji vinakwenda kwa kalenda moja. Sidai kwamba wazee waliipanga miezi kwa ajili ya udongo. Wao wana maelezo yao, na ni ya uzazi na uhai zaidi kuliko ya ujenzi. Nadai kwamba kazi isiyoheshimu udongo isingesimama vizazi viwili, na hii imesimama.

Hapa msomaji Mbarabaig ana haki ya kunikatiza. Bung'eda si pambo, atasema, na kuiweka kwenye sentensi moja na minara ya Mtaliano ni kumvua marehemu heshima. Kuita kaburi la baba wa mtu sanaa ni mazoea ya watu wa makumbusho, ambao wakishakiita kitu sanaa hukitaka kiende kwao. Pingamizi hili ni zito kuliko la kwanza, na nalikubali kwa sehemu kubwa. Bung'eda haikujengwa ili itazamwe. Hata hivyo kukiita kitu ufundi hakukiondoi kwenye ibada. Huko pwani, Kunduchi na Kaole hapa Tanzania, Mambrui nchini Kenya, Waislamu wa zamani walijenga makaburi ya nguzo kwa matumbawe na chokaa, na katika baadhi yake walipachika bakuli na sahani za kauri kutoka China, zikaingia kwenye lipu mbichi uso ukitazama nje. Hakuna anayesema kwamba kwa kusifu namna bakuli zile zilivyokaa tumemdharau aliyelala chini. Kinyume chake, mwashi aliyejua chokaa yake ndiye aliyemheshimu zaidi, kwa sababu chokaa ya hovyo ingeanguka katika masika ya kwanza. Na tuone tena, kwa kupita, jinsi mkono wa mwashi wa Mambrui na mkono wa Rodia ulivyofanya kitendo kile kile, chombo cha mezani ndani ya ukuta, kila mmoja bila habari ya mwenzake.

Tofauti kubwa zaidi kati ya Watts na Hanang iko kwingine, na sitaki kuipaka mafuta. Rodia alijenga peke yake, kwa ajili ya nafsi yake au kwa ajili ya wote kwa ujumla, jambo ambalo kwa macho yetu linakaribia kuwa kwa ajili ya hakuna mtu. Bung'eda inajengwa na wengi kwa ajili ya mmoja. Anayependa kazi ya jamii ataona ile ya kwanza ni ubinafsi wa watu wa mijini. Mimi naiona zaidi kama hali ya mhamiaji aliyepoteza ukoo. Kaka amekufa mgodini, kijiji kiko ng'ambo ya bahari, na mtaa unazungumza lugha nyingine. Asiye na ukoo wa kumjengea anajenga mwenyewe akiwa hai. Na alipomaliza alifanya kile afanyacho fundi wa kweli, jambo lililowashangaza waandishi wa habari: alikabidhi kazi akaondoka. Mwota ndoto angebaki kuilinda.

Kuna pia swali la takataka, ambalo husemwa kwa sauti ya usafi wa mazingira. Uani si dampo, mzee aliyejaza chupa na vyuma vibovu angefaa kutozwa faini. Chandigarh, nchini India, walijaribu kulijibu swali hilo kwa tingatinga. Nek Chand, aliyezaliwa mwaka 1924 katika eneo ambalo sasa ni Pakistani na kukimbia mgawanyo wa India na Pakistani wa mwaka 1947, alikuwa mkaguzi wa barabara wakati jiji jipya lilipojengwa kwa michoro ya msanifu majengo Le Corbusier. Vijiji vilivunjwa kulipisha jiji, na mabaki yao, bangili zilizovunjika, vyungu, sinki, fremu za baiskeli, aliyabeba kwa baiskeli yake mpaka kichakani kwenye ardhi ya serikali, akajenga kwa siri kuanzia miaka ya mwisho ya 1950 ufalme wa watu na wanyama wa saruji. Aligunduliwa katikati ya miaka ya 1970. Serikali ilipaswa kubomoa, ikaamua kumlipa mshahara na kumpa vibarua, na mwaka 1976 bustani ikafunguliwa. Mwaka 1990 tingatinga zilipokuja kweli, wananchi walishikana mikono mbele yake. Alichokionyesha ni kwamba takataka ni hukumu ya aliyetupa, na fundi hafungwi na hukumu hiyo. Wala hatuna haja ya kwenda India kulijua hilo. Wahunzi wa Kidatoga wa upande wa Ziwa Eyasi wanayeyusha kufuli na koki za bomba zilizokufa, wanamimina shaba ile kwenye kalibu na kutoa bangili wanazovaa wanawake, na msumari mnene unageuka kuwa mshale wa Mhadzabe. Hakuna anayewatoza faini, kwa kuwa kazi yao inauzwa. Ikiwa kinachotofautisha ufundi na uchafu ni bei tu, basi tumemwachia mchuuzi kazi ya kutuamulia lililo zuri.

Linalobaki ni jambo ambalo Hanang inalijua kwa uchungu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha kilimo kikubwa cha ngano katika nyanda za Basotu. Mashamba ya NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula, yakafikia saba, jumla ya ekari 100,000 hivi, katika malisho bora kuliko yote ya Wabarabaig. Kwa macho ya mpangaji wa mradi nchi ile ilikuwa tupu: hakuna nyumba za bati, hakuna hati, hakuna uzio. Bung'eda zilizokuwamo zilikuwa, kwa dereva wa trekta, vichuguu vya udongo njiani, na baadhi zililimwa pamoja na uwanda. Malalamiko ya makaburi hayo yaliandikwa na kufika mpaka Kanada. Kijiji cha Mulbadaw na wakazi wake walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu mjini Arusha iliwapa haki, na Mahakama ya Rufani mwaka 1985 ikaitengua hukumu hiyo, miongoni mwa sababu ikiwa kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi. Mtu anaweza kubishana na wanasheria juu ya hoja hiyo, na wao wamebishana sana. Kwa mwandishi wa insha ya ufundi kuna mshangao mwingine: ushahidi wa wenyeji ulikuwa umesimama shambani, umejengwa kwa miezi tisa tisa, ukiwa na ukoo wa aliyezikwa na majina ya waliomjengea, mpaka plau ilipoupitia. Watts walikuwa na mhandisi wa kuuliza kama kazi imesimama. Basotu hakuna aliyetumwa kuuliza.

Atakayesema kwamba ngano ni chakula na kaburi si chakula amesema kweli, na nchi ya miaka ile ilikuwa na njaa ya kujitegemea. Lakini hoja hiyo inahesabu eneo la kilima kimoja kana kwamba ndilo lililoizuia nchi kula. Dereva angeweza kuzunguka. Hakuzunguka kwa sababu hakuambiwa kwamba kile ni kitu kilichotengenezwa, na aliyemtuma hakujua. Sheria yetu haisaidii sana hapa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863, na mengine mpaka waziri ayatangaze. Kwa makaburi ya nguzo ya pwani tarehe hiyo inatosha. Kwa kitu cha udongo kilichojengwa na wajukuu walio hai, haifai hata kidogo. Los Angeles iliitambua minara miaka tisa baada ya fundi kuondoka. Kwa kipimo chetu cha tarehe, bila tangazo la waziri, wangengoja milele.

Njia ya karibu zaidi haipiti wizarani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji uwezo wa kusimamia ardhi yake na kuipangia matumizi, na kule Yaeda Chini, wilaya hii hii ya Mbulu, Wahadzabe walipata mwaka 2011 hati ya kimila ya ardhi yao ya kuwinda na kurina asali, nchi ambayo ramani za awali ziliiona tupu kama zilivyoiona Basotu. Hati ile ilikubali kwamba ardhi isiyo na nyumba inaweza kuwa imejaa kazi. Baadhi ya halmashauri za vijiji vya Hanang na Mbulu zinazo ramani zao za matumizi, zenye alama za visima, malisho na misitu. Bung'eda ziwekewe alama humo, kwa idhini ya koo zake na bila kibao cha watalii, na pembeni yake paandikwe yale ambayo fundi pekee huyauliza: udongo ulichimbwa bonde gani, fito ni za mti gani, nani aliyesimamia tabaka za juu, na ni nani kati ya waliofanya kazi ile bado yupo hai wa kuwafundisha wengine.